Unywele Mmoja wa Brashi

Kasha la kamera likivuja halipigi kelele. Maji yanaingia tone kwa tone, mgeni anaendelea kupiga picha za samaki, na akija kugundua, kamera imeshamfia mkononi. Ndiyo maana kazi ya kufunga makasha inataka mtu asiye na haraka. Siku mama mdogo aliponitoa kwenye kufua taulo akanileta chumba cha vifaa, alimwambia mumewe, "Huyu ukimwambia alinde sufuria ichemke, atakaa hata kama hujawasha moto." Baba mdogo akacheka. Mimi nikaichukua kama sifa.

Chumba chenyewe kiko hatua chache kutoka mchangani. Mlango unaangalia maji, dirisha linaangalia barabara. Ukutani yamening'inia mapezi ya kuvaa miguuni, miwani ya maji na mabomba ya kupumulia. Kando ya mlango kuna rafu ya viatu yenye vijumba ishirini na vinne, kila kimoja na namba yake, maana mgeni hapandi boti yetu na viatu. Chini ya dirisha ndiyo pembe yangu: beseni la bluu la maji yasiyo na chumvi, mkebe wa grisi, brashi ndogo ya nywele nyeusi, boksi la tishu, na roli ya selotepu nyekundu kwenye msumari.

Kazi naifanya hivi. Kasha ni sanduku la plastiki ngumu inayoonyesha ndani, na mdomo wake umezungukwa na mpira mwembamba kama tambi. Mpira huo ndio mlinzi. Nautoa, naufuta, naupitisha katikati ya vidole macho nimeyafumba, kwa sababu vidole vinaona chembe ya mchanga isiyoonwa na macho. Naupaka grisi kidogo sana. Nafagia njia yake kwa brashi. Halafu nalifunga kasha tupu na tishu ndani, nalizamisha ndani ya beseni jiwe likiwa juu yake, nusu saa. Tishu ikitoka kavu, kamera inaingia. Tishu ikitoka hata na kijasho, naanza upya. Mwisho nabandika kipande cha selotepu nyekundu juu ya kifungio, na ncha yake naikunja mara moja, kama sikio la mbuzi. Nikishafunga, hafungui mtu mpaka kasha lirudi kwangu. Wageni wanadhani lile sikio ni la kurahisishia kubandua. Mimi najua ndiyo saini yangu.

Sheria nyingine ni ya mama mdogo: kadi ya picha ya mgeni hatuishiki, labda kamera iwe imezama. Mwaka juzi bwana mmoja alidai tumempotezea picha za harusi, akatutangaza barabara nzima. Tangu hapo kasha ni letu, kamera ni ya mwenyewe, na kadi iko ndani ya kamera yake, shauri yake.

Jumamosi moja, saa mbili na nusu asubuhi, likafika basi dogo la watu wa ofisi moja ya ujenzi. Walikuwa kumi na wanne, wanacheka kabla hata ya kushuka. Aliyetangulia ni meneja wao, mtu wa makamo, sauti laini, amevaa shati la maua ambalo bado lina mikunjo ya dukani. Mkononi alishika kikapu kimejaa simu.

"Shikamoo mzee," nikamwamkia.

"Marahaba binti. Hizi ni simu za watoto wangu. Nimewanyang'anya. Leo ni maji na samaki tu, mambo ya ofisi Jumatatu." Akakirudisha kikapu kwa dereva, akamwambia akifungie mbele.

Karani wao, mama mnene mwenye kicheko kikubwa, alikuwa anamsumbua baba mdogo. "Nahodha, niambie ukweli. Samaki wa huku wanang'ata?"

"Wanang'ata wanaouliza," baba mdogo akasema.

"Basi mimi nitakaa kimya mpaka jioni!"

"Utaweza?" akauliza mwingine, na wote wakaangua kicheko.

Aliyeshuka mwisho hakucheka. Alikuwa dada mrefu, vidole vimekauka kwa saruji, na kamera ameibana kwapani kama anayebeba kifaranga. Meneja akamshika bega. "Huyu ni injinia wetu, na leo ndiye mpiga picha. Nataka picha za chini ya maji, kila mtu aonekane. Tena na kamera ya ofisi, ndiyo nzuri. Mfungie vizuri binti, usituangushe."

Wengine wakaenda kwenye kivuli kumenya machungwa. Meneja akabaki kaunta akinitazama nikisafisha mpira. Watu wengi wanachoka kunitazama baada ya dakika moja. Yeye hakuchoka.

"Kazi ya subira hii," akasema. "Na nini hasa kinaliua kasha? Likianguka?"

Hapo ndipo nilipokosea, na kosa langu lilitoka kwenye kujisifu. Nani huwa ananiuliza kazi yangu? Wanauliza saizi ya mapezi na choo kiko wapi. Nikamwonyesha. Nikamwambia likianguka si neno, ni gumu. "Kinachoua ni kitu kidogo, mzee. Unywele mmoja tu ukilala juu ya mpira hivi, umekwisha. Juu juu halivuji. Mgeni akizama kidogo tu, maji yanaukanyaga mpira, yanapita pale pale kwenye unywele."

"Unywele mmoja."

"Mmoja tu."

"Ajabu," akasema, akaipapasa brashi yangu kwa kidole kama anayepapasa paka. Kisha akaenda kula chungwa.

Kasha lilipokuwa ndani ya beseni chini ya jiwe, injinia akaja kusimama karibu nami. Alitafuta mapovu majini. Hakukuwa na mapovu.

"Mdogo wangu, haliwezi kuingia maji kweli?"

"Nikifunga mimi, dada, haliingii."

"Maana humu," akaigusa kamera, "mna vitu ambavyo siwezi kuvipiga tena." Akageuka kutazama kivulini, halafu akaongea chini chini huku anajifanya anachagua miwani. Alisema wanajenga wodi ya wazazi, ghorofa tatu. Nguzo za chini zimemwagwa vibaya, zege lina matundu kama mzinga wa nyuki, nondo zinaonekana nje zinashika kutu, na nguzo mbili zina ufa unaoingia ncha ya kidole. Alizipiga picha jana mchana. Jana jioni mafundi waliambiwa wazipige plasta. Sasa ni nyeupe, laini, zinapendeza.

"Jumatatu asubuhi wanakutana na wakaguzi. Mimi nikisema nguzo zimeoza, watauliza ziko wapi. Bila picha mimi ni mwanamke mwenye maneno. Jumatano wanahamishia vitanda."

"Picha hukuzihamisha popote?"

"Kompyuta iko ofisini, ufunguo anao meneja. Basi limetuchukua alfajiri, simu kachukua. Kabati la hapa kwenu amelipa moja kwa wote, ufunguo pia anao yeye. Nimeona heri niivae mkononi. Angalau mkono ni wangu." Akanitazama. "Au nitoe kadi, nikuachie wewe?"

Nilimsikia vizuri. Nikamtazama mama mdogo, aliyekuwa mlangoni anashona mikanda ya miwani, mdomoni ameshika uzi. Nikajibu kama nilivyofundishwa: "Hatushiki kadi za wageni, dada. Ni sheria ya duka. Lakini kasha halitavuja, nakuapia."

Akatikisa kichwa taratibu. "Haya."

Tishu ikatoka kavu kabisa. Nikaiweka kamera ndani, nikaweka na kipakiti cha kukausha unyevu, nikafunga, nikabandika selotepu, nikakunja sikio. Nikaliweka kasha kaunta, juu ya taulo safi.

Halafu ikaja ile fujo ya mapezi. Watu wote walirudi kwa pamoja. Huyu yanambana, yule yanamvuka, karani amevaa kushoto kulia na anatembea kama bata na kila mtu anacheka. Nilikuwa nimepiga magoti chini nikimvuta mtu kisigino. Nilipoinua kichwa mara ya kwanza, meneja alikuwa amesimama kwenye kaunta, mgongo kwangu. Mara ya pili alikuwa amekwenda kando, anaosha mikono kwenye ndoo. Grisi haitoki kwa maji, ndiyo maana alikuwa anasugua. Niliona, lakini wakati ule sikuelewa nilichokiona.

Nikampa injinia kasha lake mwenyewe mkononi, haraka haraka, kwa sababu baba mdogo alikuwa ameshawasha mashine na anapiga kelele kwamba maji hayamngojei mtu. Nikamvalisha mkanda na kiboya chake cha sponji. Wakaondoka. Nikasimama mlangoni kuwatazama, kama kawaida yangu. Injinia akainua mkono kuniaga, na jua likapiga kwenye kasha.

Selotepu ilikuwa imelala. Ncha zote mbili zimelala, bapa, safi. Hakuna sikio.

Nilikimbia mpaka maji yakanifika magotini. Nikapiga kelele, nikapunga mikono yote miwili. Mashine ilikuwa inanguruma. Wakanipungia, wote, mpaka karani akasimama akachezesha mabega na boti ikayumba. Meneja hakupunga. Alikuwa amekaa nyuma, karibu na injinia, amekunja mikono.

Nilirudi ndani na sketi inachuruzika. Roli ya selotepu kwenye msumari ilikuwa imekatwa kwa meno. Mimi nakata kwa mkasi. Nikaichukua brashi nikaitazama kwenye mwanga. Sikuweza kuhesabu nywele zake, lakini pembeni palikuwa na upenyo ambao asubuhi haukuwepo.

Nikamweleza mama mdogo yote. Alisikiliza bila kuacha kushona.

"Umemwona akifungua?"

"Sikumwona."

"Basi hujaona." Akakata uzi kwa jino. "Sikiliza, mwanangu. Hawa wamekuja pamoja, wataondoka pamoja. Mwenye nguzo ana nguzo zake, sisi tuna mapezi. Usimwamshe aliyelala, utalala wewe."

"Ni wodi ya wazazi, mama mdogo."

"Nimesikia ni wodi ya nini."

"Na aliomba nimshikie kadi. Nikamkatalia."

Alivuta mkanda mwingine kutoka kwenye rundo. Mama mdogo ana mikono ya mtu wa kazi, lakini kucha zake hazikosi rangi nyekundu hata siku moja. Anasema ndiyo sehemu pekee ya mwili wake isiyomuuma.

Nilikaa kwenye kigoda changu. Boti inakaa mwambani saa moja na robo. Nilijua kinachotokea kule kama ninakiona: anazama kidogo, anapiga, anapanda. Mara ya kwanza hakuna kitu. Mara ya tatu kuna ukungu kwenye kioo, anadhani ni pumzi yake. Mara ya tano kuna mstari wa maji chini ya kasha, mwembamba kama kope. Nilikuwa nimekaa pakavu na ninasikia maji yanaingia.

Saa inapokuwa ndefu, akili nayo inatafuta kazi. Nikakumbuka kitu ambacho watu wa ofisini hawakijui, kwa sababu hawajazika kamera nyingi kama mimi. Kamera ikinywa chumvi inakufa. Kadi haifi. Ukiiwahi, ukaiosha na maji yasiyo na chumvi, ukaikausha taratibu, mara nyingi inafumbua macho. Meneja alikuwa anaua kamera. Alidhani anaua picha.

Kwenye rafu tuna kopo la maziwa ya unga lenye kadi mbovu, zile zilizokufa zenyewe kwa uzee. Nikamimina kaunta. Kadi ya injinia niliiona alipokagua kamera: ya bluu, ndogo. Nikatafuta ya bluu. Ilikuwepo moja. Nikaitia mfuko wa aproni, kopo nikalirudisha. Mama mdogo alikuwa ameinamia mikanda yake.

Boti ilirudi saa tano na nusu, na kabla haijafika nilijua, kwa sababu hakuna aliyekuwa anaimba. Injinia alishuka wa kwanza. Amejifunika taulo kwenye jua kali, kasha amelishika kwa mikono miwili. Ndani yake kamera ilikuwa inaelea kama samaki kwenye mfuko.

Meneja alikuwa nyuma yake, mkono begani kwake. "Pole sana," alikuwa anasema. "Pole. Ni kitu tu. Cha muhimu wewe ni mzima." Alisema kwa sauti nzuri mno. Kisha akalichukua kasha, akaliweka mbele yangu, akanionyesha kwa kidole. Juu ya mpira, ndani ya plastiki, ulikuwa umelala unywele mweusi.

"Huu si wa brashi yako, binti?"

Wote walikuwa wanatazama. Karani akasema, "Maskini, kasahau tu," na hilo ndilo lililoniuma zaidi.

"Ni wa brashi yangu, mzee."

"Basi hatutaki ugomvi. Watu wanakosea. Nipe mfuko, kamera nitaichukua, nina fundi wangu mjini."

"Nitakupa mzee. Lakini kwanza lazima ipite kwenye maji haya nitoe betri. Betri ikilewa chumvi inaweza kuwaka garini, na nyinyi mko wengi humo."

Hilo lilikuwa kweli, ndiyo maana niliweza kulisema bila kumeza mate. Akafikiria. Akasogea mpaka kivuli chake kikaingia ndani ya beseni. "Toa. Nakutazama."

Nikaizamisha kamera. Maji ya beseni yalikuwa na ukungu wa sabuni ya miwani, na mikono yangu ilikuwa ndani mpaka viwiko. Nikafungua kidirisha cha chini. Betri ikatoka, nikaiinua juu, nikaiweka kwenye taulo, na macho yake yakaifuata. Kadi ikatoka. Ile ya aproni ilikuwa tayari kwenye kiganja changu cha kushoto. Nimefanya kazi kwa vidole miaka minne macho nimeyafumba. Nikaibadilisha.

Ni pale nilipokuwa naisukuma ile mbovu ndani ndipo nilipoiona nukta. Mama mdogo kila kadi inayokufa anaitia tone la rangi ya kucha, ili mtu asiitumie tena kwa bahati mbaya. Nilikuwa nimeangalia rangi ya bluu, nikasahau nyekundu. Nukta ilizama kwenye tundu lake ikinitazama kama jicho.

"Kadi imo?" akauliza.

"Imo." Nikaitoa kamera majini, nikamwonyesha ukingo wake wa bluu. Akakifunga mwenyewe kile kidirisha, akaifunga kamera kwenye mfuko, akaibana kwapani. Nilijifuta mikono kwenye aproni, na kilichokuwa kiganjani kikabaki mfukoni.

"Haya, viatu! Tunaondoka!" akaita. "Matembezi yameingia shubiri."

Mwenye kutoa viatu ni mimi. Nikasimama mbele ya rafu ya viatu, mgongo kwao. Kijumba cha saba kilikuwa na raba za kitambaa, kamba zake zimeshika vumbi la saruji. Nikaikung'uta kadi, nikaifunga kwenye tishu pamoja na kipakiti cha kukaushia, nikaizungushia selotepu, nikaisukuma mpaka ncha ya ndani ya raba ya kulia. Nikampa injinia.

Akaingiza mguu. Akasimama. Aliniangalia kidogo sana, kama mtu aliyeitwa kwa mbali na hana hakika kama ni yeye. Kisha akafunga kamba.

Aliondoka akichechemea. Meneja aliona. "Umeumia?"

"Kijiwe."

"Kitoe basi."

"Nitakitoa nyumbani. Nimechoka."

Basi likaondoka. Nililitazama dirishani likipanda barabara. Kwenye kona, hatua kama mia moja hivi, taa za breki zikawaka. Likasimama. Mlango ukafunguliwa, na shati la maua likashuka.

"Mama mdogo," nikasema. "Ameiona nukta."

Sikuwa nimemwambia kitu chochote kuhusu nukta, wala kadi, wala raba. Yeye akaweka mikanda chini, akaja nyuma ya kaunta, akanisukuma kwa nyonga nikae upande wangu. "Wewe kunja taulo," akasema. "Na usitoke jasho."

Meneja aliingia bila kuharakisha. Akaiweka kadi kaunta, nukta juu.

"Hii si yake," akasema.

"Si ya nani?" mama mdogo akauliza.

"Ya injinia haina alama."

"Asubuhi haikuwa nayo. Kadi ikifa, natia nukta, ndiyo sheria ya duka hili. Kuna mtu alituletea maneno mwaka juzi, mzee, usione ajabu. Hiyo imekunywa chumvi, imekufa, nimeitia nukta." Akanyoosha mkono wake wa kulia mbele ya uso wa yule mtu, vidole vyote vitano. "Rangi yenyewe hii hapa. Ninayo siku zote."

Meneja akaikwaruza nukta kwa ukucha. Haikutoka. "Imekaukaje upesi hivi?"

"Kwa jua hili? Mzee, huku nguo za mtoto zinakauka kabla hujaanika."

Alikuwa amesimama mgongo kwa dirisha. Mimi nilikuwa nalitazama dirisha, na nje, kule kwenye kona, watu walikuwa wameshuka kujinyoosha. Nikamwona injinia ameketi kwenye jiwe la barabara, ameshika raba yake ya kulia. Akaingiza vidole. Akatoa. Akasimama na kiatu kimoja mguuni, kingine mkononi, akazunguka nyuma ya basi.

Nikayaondoa macho yangu dirishani. Nikamtazama meneja usoni, kwa sababu mtu akitazama kitu, aliye mbele yake anageuka.

"Ilitiwa saa ngapi hiyo nukta?" akaniuliza mimi.

"Wakati unaita viatu, mzee."

"Mimi nilikuwa nayo mkononi wakati naita viatu."

Taulo likanitoka kidogo. Mama mdogo hakupepesa. "Huyu saa hazijui," akasema. "Aliishia darasa la saba, utamwuliza saa? Nilitia alipokuwa anatoa betri. Wewe ulikuwa unaitazama betri. Kila mtu anaitazama betri, nimewaona wanaume wazima wanairukia kama nyoka." Akacheka, kile kicheko chake cha kuwauzia watu. "Kaa chini mzee, unywe maji, umepata joto. Nikukatie na chungwa?"

Barabarani gari liliteremka. Nililisikia, sikulitazama. Lilipunguza mwendo. Nikahesabu taulo: tatu, nne, tano. Mlango wa gari ukabamizwa. Likaendelea.

"Hapana, asante," meneja akasema. Akaichukua kadi, akaivunja katikati kwa vidole viwili, vipande akaviacha juu ya kaunta. Kisha akaniinamia. Alikuwa ananuka chumvi na maganda ya chungwa. "Uliniambia unywele mmoja unatosha."

"Ndiyo, mzee."

"Basi na wewe ukumbuke hivyo hivyo."

Akatoka. Nilienda dirishani. Aliufikia mlango wa basi, akahesabu watu kwa kidole, akahesabu tena. Karani alikuwa anaonyesha barabara kwa mkono, anaeleza kitu, bado anacheka, maskini, kwa sababu kwake ilikuwa kichekesho tu: injinia kaomba lifti kwenye pikapu ya magodoro, na kiatu kimoja.

Meneja hakukimbia. Hakupiga kelele. Alisimama katikati ya barabara muda mrefu, halafu akageuka kutazama kwetu. Akatoa simu yake. Yake haikuwa kikapuni. Akaiinua, akalipiga picha duka, na kibao cha jina chenye namba yetu. Akasogea hatua chache. Akapiga dirisha, na mimi nikiwa ndani yake.

"Toka hapo," mama mdogo akasema nyuma yangu. Nilikuwa nimeshachelewa.

Baba mdogo alipofunga boti akaja kuuliza kuna nini, mbona nyuso zimetupauka. Mama mdogo akamwambia kuna joto.

Jumatatu, saa nne na dakika chache, ukaingia ujumbe kwenye simu ya duka, namba siijui. *Kijiwe kimetoka. Kiko mezani, wote wanakitazama.* Basi. Hakuna jina. Niliusoma mara mbili, nikampelekea mama mdogo. Alitoa miwani yake ya kusomea mfukoni, akausoma, akaufuta. Nilitegemea acheke. Badala yake akaenda kwenye msumari akaitoa roli ya selotepu, akanikabidhi.

"Kaa nayo mwilini," akasema. Halafu akavuta pazia la dirisha la barabarani, ambalo tangu nianze kazi pale sijawahi kuliona limefungwa.

Limefungwa mpaka leo. Kasha nalizamisha kwa taa. Gari likipunguza mwendo kwenye kona ile, mikono yangu inasimama ndani ya beseni, na mama mdogo anaacha kushona, tunasubiri mpaka lipite. Picha za injinia zilifika. Yangu sijui iko kwa nani.